Nyapara Ndani ya Ini

Tatu nukta sita.

Kanini aliisoma namba hiyo kwenye simu iliyolala mapajani mwake, chini ya kitambaa cha saluni, akaomba isishuke tena. Msusi alikuwa amemaliza upande wa kushoto wa kichwa chake. Upande wa kulia ulikuwa bado umesimama wima kama ulivyoamka. Ilikuwa saa mbili na robo asubuhi, Jumamosi, Kawangware 56, na kwenye kioo mbele yake alikuwa anatazama kitu kimoja tu: mlango wa kijani wa kliniki iliyokuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la hardware, ng'ambo ya barabara.

Tatu nukta moja.

"Madam, tuliza kichwa," msusi akasema. "Ukiendelea hivi hizi line zitaenda mpaka Dagoretti."

"Pole, mrembo."

Namba haikuwa yake. Ilikuwa sukari ya damu ya mwanamke aitwaye Apiyo, fundi cherehani wa Makina, Kibera. Kitufe cheupe kilibandikwa kwenye mkono wake na watu wa kliniki hiyo, na kila baada ya dakika tano kilipima sukari yake na kuituma hewani kupitia simu ndogo waliyompa. Idara ya ujasusi ya Kanini ilikuwa imejifunza kuinasa namba hiyo njiani. Kwa hiyo asubuhi ile kulikuwa na watu kadhaa waliokuwa wanachungulia ndani ya mwili wa Apiyo bila kumwomba ruhusa, na Kanini alikuwa mmoja wao, na jambo hilo halikumpendeza hata kidogo.

Mtu mwenye afya kabla ya chai husoma kama tano. Kanini alidhani Apiyo amejidunga insulini na kuchelewa kula.

Alikosea.

Watu wanne walikuwa wamezikwa kutoka Kibera ndani ya miezi miwili. Wote walikuwa wagonjwa wa sukari. Wote waliacha kujidunga baada ya kupanda ngazi za mlango huo wa kijani, ambako waliambiwa kuna sindano moja ya kumaliza sindano zote. Wiki ya kwanza walifurahi, wakanywa soda mbele ya watu. Wiki ya pili walikutwa vitandani wamekufa. Jamaa zao walisema ni sukari, na nani angebisha? Fukara akifa na ugonjwa unaojulikana jina, hata daktari hana haraka ya kuuliza swali la pili.

Idara iliuliza, tena si kwa huruma. Ilisikia kwamba mgeni fulani amekuja Nairobi kununua silaha isiyo na risasi wala sumu, na muuzaji wake ni mwanasayansi anayeitwa Rausch, mwenye kliniki Kawangware.

Kanini ndiye aliyemtuma Apiyo. Apiyo alikuwa amejidunga insulini tangu akiwa msichana wa shule, hakuhitaji kuigiza. Maagizo yalikuwa mafupi: ajiandikishe, aangalie, akumbuke nyuso. Wakimletea sindano, aseme ana homa, aondoke.

"Sawa," Apiyo alikuwa amesema.

Sauti ikakwaruza ndani ya sikio la Kanini. Ilikuwa ya Benard, mkuu wake, aliyeegesha Probox nyeupe mita hamsini kutoka pale.

"Twiga Mbili, unaskia?"

"Naskia."

"Rausch ako ndani na sanduku la baridi la dawa. Akitoka, tunamfuata. Hakuna kumgusa mpaka akutane na mnunuzi. Narudia, hakuna kumgusa."

"Nimeskia, mkubwa."

Simu ikatetemeka. Alikuwa Adhis, daktari wa Idara, ambaye kwa macho ya watu alikuwa na zahanati ndogo tu Makina ya kutibu mafua na kuhara.

"Kanini, mtu wako ameanguka. Akiwa kwa cherehani. Majirani wamemleta hapa kwangu."

"Hajakula. Mpe kitu tamu."

"Nimempa dripu ya glukosi nzima, na bado inashuka. Kanini, huyu alidungwa. Ameniambia kabla azime. Siku kumi na moja zimepita, na hajatumia insulini hata tone."

"Haiwezekani. Nilimwambia asikubali."

"Ulimwambia. Yeye akakubali."

"Wamemdunga nini?"

Adhis alivuta pumzi. Alikuwa mtu wa kueleza vitu taratibu, hata moto ukiwaka.

"Skiza. Mtoto akiwa tumboni, kuna protini inashika jeni za seli fulani na kuziamuru: nyinyi mtakuwa kongosho. Ni kama nyapara wa mjengo. Huyo wa kongosho anaitwa PDX1. Bila yeye, mtoto anazaliwa bila kongosho kabisa. Na hata mtu akiwa mzima nyapara haendi likizo, yeye na wenzake ndio wanaambia zile seli zitengeneze insulini. Uko na mimi?"

"Niko."

"Sasa hawa wamechukua huyo nyapara, wamempakia kwa kirusi, wakamtuma kwa ini. Ini limeanza kutengeneza insulini. Shida ni, seli za kongosho ziko na masikio. Sukari ikishuka zinanyamaza. Ini halina hayo masikio. Nyapara amesema fanya kazi, linafanya kazi mpaka sukari yote iishe."

"Zima basi!"

"Na nini? Hakuna mwanasayansi anatengeneza kitu kama hii bila kuiwekea swichi. Lakini swichi ni yao, mimi siijui. Nitafutie."

"Una muda gani?"

"Potasiamu inashuka, moyo umeanza kuruka. Nikikuambia atafika jioni, nitakuwa nakufurahisha tu."

Mbili nukta tisa.

Kanini akasimama.

"Twiga Mbili," Benard akasema sikioni, "mbona umesimama?"

Alikitoa kile kidude sikioni, akakitia mfukoni.

"Madam!" msusi akalia. "Na hii nusu?"

Alikuwa tayari katikati ya barabara, kitambaa cha saluni bado kimefungwa shingoni. Angeweza kupanda zile ngazi akiwa afisa, na Rausch angejua Idara iko mlangoni, na mnunuzi angepanda ndege kabla ya chakula cha mchana. Lakini Kanini alilelewa kwenye mitaa hii. Alijua kilio kimoja kinachoweza kumwaga barabara nzima ndani ya chumba kimoja. Alijua pia kwamba kilio hicho kimeua watu wengi wasio na hatia, na bado akakipiga.

"Mwizi! Huyo daktari ameua dada yangu! Mwizi!"

Haikuchukua hata nusu dakika.

Vijana wa hardware walipanda na vipande vya bomba. Muuza mitumba alipanda na mti wa kutundikia nguo. Mlango wa kijani uliingia ndani na bawaba zake. Kanini alipenya kati yao akamwona Rausch, mrefu, shati la bluu, sanduku la baridi begani. Macho yao yalikutana kwa kitambo kidogo. Kisha mzungu akaruka dirisha la nyuma, akashukia mabati, akateleza hadi kwenye pikipiki aina ya Boxer iliyokuwa inamngoja kwenye kichochoro.

Aliyebaki alikuwa karani wake, Kimotho, chini ya meza yake mwenyewe. Walimvuta kwa miguu. Mtu mmoja alikuwa ameinua jiwe la mjengo kwa mikono miwili.

Kanini akachomoa bastola ya Glock 19 chini ya kitambaa cha saluni, akapiga dari.

"Polisi! Kila mtu ashuke!"

Hakuwa polisi, ila hapakuwa na nafasi ya maelezo. Vumbi la dari lilipotua, chumba kilikuwa kitupu. Waliotangulia kupanda ndio waliotangulia kushuka.

Alimkalisha Kimotho kwenye kiti. Karani alikuwa anatoka damu puani na kulia kama mtoto.

"Hiyo dawa inazimwa na nini?"

"Sijui, Madam. Haki ya Mungu sijui. Mimi naandikanga tu majina na kuuliza maswali."

"Maswali gani?"

"Miaka. Pahali unaishi. Na kama kuna dawa yoyote unatumia. Hiyo ya dawa Rausch alikuwa mkali sana. Mtu akisema anatumia dawa, anaambiwa arudi nyumbani."

"Kwa nini?"

"Hakuwahi kuniambia. Lakini ukisahau kuuliza, anakutusi."

Daftari lilikuwa na majina manane. Manne yalikuwa yamekatwa kwa kalamu nyekundu. La nane, Apiyo, lilikuwa na nyota kando yake. Matatu yaliyosalia yaliandikwa neno moja: HAIKUITIKIA. Watu watatu waliochomwa dawa ileile, kutoka chupa zilezile, na sukari yao haikushuka hata kidogo.

Kanini aliyatazama majina hayo matatu kwa muda. Wafu hawangeweza kumwambia lolote. Hawa walikuwa hai, na kuna kitu kilichowaacha hai.

Alipowapigia, wawili walikuwa wamezima simu. Wa tatu alikuwa Kavindu, wa Kianda, Kibera.

Alirudisha kidude sikioni, akakuta Benard katikati ya matusi.

"...kazi ya miezi mitatu! Nimempoteza kwa jam! Umesikia nikisema usiguse?"

"Rausch anadhani ni jamaa za marehemu wamemvamia. Hajui kuhusu sisi. Atakutana tu na mnunuzi."

"Na asipokutana?"

"Utanifuta kazi, mkubwa. Chukua huyu karani wake hapa juu. Mimi naenda Kianda."

Mwenye bodaboda alimtazama nywele, akaamua kunyamaza. Namba ilikuwa mbili nukta sita walipopita kituo cha Olympic.

Kavindu alikuwa ameketi mlangoni pa chumba chake cha mabati, anasuka kiondo. Mwanamke wa miaka sitini na ushei, mzaliwa wa Mwingi, mikono yake ikifanya kazi bila kuangaliwa. Kanini alimwamkia kwa Kikamba, na uso wa mama ukafunguka.

"Wewe mtoto wa nani? Na nani amekusuka nusu akakuacha hivyo?"

"Ni haraka, Mama. Nataka kukuuliza kuhusu ile sindano ya 56."

"Hao wezi!" Kavindu akaweka kiondo chini. "Walinidunga maji. Sukari ilikaa tu pale kwa kumi na nane, kwa ishirini. Siku ya tatu nikarudia insulini yangu."

"Wakati huo, kuna dawa nyingine ulikuwa unatumia?"

"Hakuna."

"Yoyote, Mama. Hata kidogo."

"Si nimekuambia hakuna? Hata kule waliniuliza. Nikawaambia hakuna."

Kanini alimwamini. Alimshukuru, akageuka, akapiga hatua tatu kuelekea bodaboda, na hapo ndipo aliposhikwa na aibu. Alikuwa ameuliza kama mzungu. Miaka kumi ya ofisi zenye kapeti ilikuwa imemfanya asahau mama yake mzazi alivyokuwa anajibu madaktari. Kwenye mistari hii ya mabati, dawa ni kitu unachoandikiwa na daktari, chenye kadi na jina lako. Kile unachonunua kwenye dirisha la chemist, viwili viwili, ndani ya kipande cha karatasi ya kaki, hakiitwi dawa. Ni cha tumbo. Ni cha mgongo. Unakimeza na kuendelea na kazi, na ukiulizwa unasema hutumii chochote, na hujadanganya mtu.

Akarudi.

"Mama, na tumbo likikusumbua huwa unameza nini?"

"Aa, tumbo?" Kavindu alicheka. "Hizo za kijani za pale kwa Awiti. Asubuhi moja, jioni moja. Hii maji ya mfereji inanuka, ukikunywa bila hizo huwezi maliza siku. Chama yetu yote tunameza. Hata wale wenzangu wawili tulienda na wao kudungwa."

Aliingia ndani, akarudi na karatasi ya kaki. Kapsuli tano za kijani zilikuwa zimelala ndani, na jina dogo limechapishwa ubavuni mwa kila moja.

Kanini alipiga picha, akaituma, akapiga simu kabla picha haijafika.

"Daktari, hao watatu walikuwa wanameza hii."

Picha ikafika. Kisha sauti ya Adhis ikaja ya chini kabisa.

"Doksi."

"Ni nini?"

"Doksisaiklini. Antibiotiki ya kawaida. Na ndiyo swichi, Kanini! Maabara kibao huitumia. Unafunga jeni yako na kufuli, na hiyo dawa ndiyo ufunguo. Ndio maana Rausch alikuwa anauliza watu kama wanatumia dawa!" Alisita. "Lakini kuna aina mbili. Kuna ile doksi inawasha, na kuna ile doksi inazima."

"Na hii?"

"Ngoja nifikirie. Apiyo nimemuuliza kabla azime, akaniambia hajameza kitu. Nimekagua mkoba wake, hakuna kapsuli. Na nyapara wake anafanya kazi kama mwendawazimu. Huyo mama amemeza kila siku, na nyapara wake hajawahi kuamka. Basi inazima. Lazima inazima."

"Nikuletee?"

Adhis alicheka, kicheko kilichokuwa karibu sana na kilio. "Uniletee? Ninazo hapa kabatini. Nimekuwa nikimtazama akifa, na nimeegemea hilo kabati."

Saa nne na dakika arobaini, Adhis alifungua kapsuli mbili, akazikoroga kwenye maji, akazipitisha kwenye mpira wa puani hadi tumboni mwa Apiyo.

Kisha hapakuwa na la kufanya.

"Nyapara aliye kazini lazima achoke kwanza," Adhis alimweleza Kanini alipofika zahanati. "Dawa inazuia wapya tu. Masaa sita, kama tuna bahati."

Kanini aliketi kando ya kitanda. Vidole vya Apiyo vilikuwa na matundu ya sindano ya cherehani, na tumbo lake lilikuwa na madoa madogo ya sindano nyingine, miaka mingi ya madoa. Kanini alikuwa amewahi kutuma watu mahali pabaya. Hakuwahi kukaa karibu hivi akiwaangalia. Alitaka kusali, akakuta hajui aanzie wapi.

Saa saba mchana simu iliacha kuonyesha namba. Iliandika herufi mbili ambazo mashine huandika ikishindwa kusoma chini zaidi: LO.

Adhis alitundika dripu nyingine. Mwili wa Apiyo ulitetemeka, ukakakamaa, ukalegea. Adhis alimdunga kitu mshipani na kumfuta mate mdomoni.

Benard aliingia saa tisa akiwa amevaa kofia ya mjengo, akasimama miguuni pa kitanda. Hasira ilikuwa imemtoka. Alikuwa na habari.

"Tumenasa simu yao. Mnunuzi hataki karatasi, anataka kuona kwa macho. Anatazama hii namba kwa simu yake tangu jana, kama mtu anatazama mechi. Huyu akifa kabla ya saa kumi na mbili jioni, biashara imekamilika."

"Biashara ya nini hasa?" Kanini akauliza, ingawa alikuwa ameanza kujua.

"Unamdunga balozi leo kwa chanjo ya kusafiri. Wiki mbili baadaye anaamka maiti kwao. Daktari akipima damu anapata insulini ya mwili wake mwenyewe. Hakuna sumu, hakuna muuaji." Akavua kofia. "Na namba ikianza kupanda, Rausch atataka kujua kwa nini. Ile simu ndogo inamwonyesha Apiyo ako wapi. Atakuja kummaliza."

"Basi tumhamishe Apiyo."

"Hapana. Acha aje."

Kanini alimtazama. Alitamani kumtupia kiti. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba mkubwa alikuwa na akili.

"Hii ni mara ya pili namfanya chambo."

"Mara ya kwanza alikubali mwenyewe."

"Mara ya kwanza nilimwambia ni kazi rahisi."

Benard alivaa kofia yake. Akainamisha kichwa, akatoka kwenda kupanga watu wake.

Saa kumi na robo, mashine iliandika mbili nukta mbili.

Adhis alimshika Kanini mkono, akaubana.

Mbili nukta tano.

Mbili nukta tisa.

"Inazima," Adhis akanong'ona. "Ameanza kuchoka. Inazima!"

Tatu nukta nne.

Kufikia saa kumi na moja, benchi la zahanati lilikuwa limejaa akina mama wanne wenye watoto waliofunikwa mashuka. Hapakuwa na mtoto hata mmoja. Ndani ya kila shuka kulikuwa na bunduki fupi aina ya MP5. Wagonjwa wa kweli walikuwa wametolewa mlango wa nyuma wakilalamika, na mmoja alikataa kabisa kuondoka mpaka apewe dawa yake ya kikohozi.

Rausch aliingia saa kumi na moja na dakika ishirini. Koti jeupe, stethoskopu, sanduku la baridi begani. Alizungumza Kiswahili cha darasani, kila neno likiwa limepigwa pasi.

"Hamjambo. Mimi ni daktari wa mgonjwa aitwaye Apiyo. Ningependa kumwona."

Kanini aliinuka kutoka mwisho wa benchi, leso imefunga kichwa chake chote. "Karibu, Daktari. Ako huku ndani. Tumekungoja sana."

Alitangulia kwenye korido. Aliisikia hatua ya Rausch ikipungua kasi nyuma yake, na akajua kwamba mtu huyu anamkumbuka, labda kwa mabega, labda kwa sauti iliyopiga kelele za mwizi asubuhi. Akageuka.

Sindano ilikuwa tayari hewani.

Alikwepa. Ilipita sentimita moja kutoka shingoni. Akaukamata ule mkono, akaukunja upande ambao mikono haikunjwi, na sindano ikaanguka sakafuni. Rausch alimpiga kiwiko mbavuni. Kanini akaona nyota, akamtia goti, akamsukuma ukutani na kumwekea Glock chini ya kidevu.

"Umejuaje swichi?" Rausch akauliza akihema. Hata wakati huo alitaka kujua hilo tu. "Hakuna aliyeijua. Niliwauliza wote."

"Uliwauliza vibaya."

"Wangekufa hata hivyo. Watu wa huku hufa tu na sukari. Mimi nimewapa maana."

Kanini alitamani kumpiga.

Akampiga, mara moja, na wale mama wanne waliokuwa wamefika na bunduki zao wakatazama dari kwa pamoja.

Sauti ya Benard ikaja sikioni. "Twiga Mbili. Mnunuzi tumemshika Ngong Road, na simu mkononi. Sanduku?"

"Liko."

"Na Rausch?"

"Ako. Jino moja limepotea."

"Tutaandika alianguka."

Jumapili mchana, Apiyo alikuwa ameketi kitandani, mto nyuma ya mgongo. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Mashine iliyokuwa kando yake iliandika kumi na tatu nukta nane.

Kanini alisimama mlangoni. Apiyo alikuwa anaitazama mashine hiyo.

"Kumi na tatu," Apiyo akasema.

"Inapanda. Daktari anasema ni vizuri. Ini limeacha."

"Kwa hivyo imeisha."

"Imeisha. Utameza hizo za kijani kila siku, mpaka wapate njia ya kuitoa."

Adhis aliweka sahani ndogo ya chuma mezani. Juu yake kulikuwa na chupa ya insulini na sindano mpya ndani ya karatasi. Akatoka, akafunga mlango polepole.

Apiyo aliitazama sahani hiyo, na machozi yakaanza kumtoka. Hakuyafuta.

"Nilikuskia vizuri vile uliniambia. Usikubali sindano. Sikusahau, Kanini. Nilikuskia na nikakubali." Akaigusa ile chupa. "Mimi najidunga tangu form one. Asubuhi na jioni. Kwa harusi ya dada yangu nilijidunga kwa choo. Siku ya nne baada ya hiyo dawa yao, niliamka nikaweka chai sukari vijiko viwili, kama watu. Nikapima, iko sawa. Nikaenda kazi. Unajua nilikuwa nafanya nini kwa cherehani siku hiyo? Nilikuwa naimba. Wateja wakaniuliza nimepata mchumba."

"Ungekufa."

"Najua ningekufa. Sijakuuliza hiyo. Nataka uniambie ukweli mara moja tu. Ilikuwa inafanya kazi?"

Idara ilikuwa imemfundisha Kanini njia nyingi za kudanganya, na kadhaa zilikuwa za huruma. Hakutumia hata moja.

"Ilikuwa inafanya kazi. Wangetaka, wangeifanya isikuue. Hawakutaka."

Apiyo alitikisa kichwa, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba aliyokuwa ameshaijua.

"Na hilo sanduku sasa liko wapi?"

"Kwa Idara."

"Mtalichoma?"

Kanini alifungua mdomo. Asubuhi hiyohiyo alikuwa ameliona sanduku likiingizwa kwenye chumba cha baridi na kufungiwa kufuli mbili. Hakuna aliyekuwa ametaja moto.

Apiyo alingoja jibu kwa muda wa kutosha.

"Enda, Madam," akasema. "Enda tu."

Akachana karatasi, akavuta dawa, akaigonga sindano kwa kucha hadi kipovu kikapanda. Akainua gauni, akabana nyama ya tumbo mahali pasipokuwa na doa, akajidunga. Akaitupa sindano kwenye sahani. Kanini alitazama mpaka mwisho, kwa sababu aliona hilo ndilo dogo kabisa analoweza kufanya, kisha akatoka.

Nje Makina ilikuwa na jua kali. Watu walikuwa wanatoka msikitini, wengine wanatoka kanisani, maduka yamefunguliwa nusu mlango. Alivaa miwani ya jua. Mbavu zilimuuma kila alipovuta pumzi.

Simu ikaita. Benard.

"Kazi safi, Twiga Mbili. Wakubwa wamefurahi. Pumzika leo. Kesho wanasayansi wetu wanaanza kufungua hilo sanduku, wanataka mtu wa kuwaeleza inafanya nini mwilini."

"Waambie waje Makina," Kanini akasema. "Wamuulize Apiyo. Na wamuulize akiwa anajidunga."

Alikata simu kabla hajajibiwa, akavuka barabara kati ya watu, bila haraka, bila kugeuka nyuma.